Kona ya Nyuma ya Jiko

Wiki ile sikutulia. Nikiketi nainuka, nikiinuka naona heri ningeketi. Niliunguza matoke, nikafagia ua niliokwisha kuufagia, hadi mama akaniambia kutoka kitandani, "Kemilembe, huo ufagio umekukosea nini?" Nikaendelea kufagia. Jumapili baada ya misa kijiji kilikuwa kinakutana uwanjani kuamua uwanja ni wa nani, na aliyeudai ni Gaudiosus, kaka yangu wa tumbo moja.

Uwanja wenyewe ukiupita leo ndani ya basi la kutoka Omurushaka huwezi kuujua. Utaona maturubai ya maharage yameanikwa, mbuzi wa watu, na kijana anajifunza pikipiki huku wenzake wanamcheka. Halafu utaona magoli mawili ya miti, moja upande wa barabara, la pili limeegemea migomba kabisa. Mpira ukipita nyuma ya goli hilo, golikipa anaingia shambani kuutafuta kati ya mikungu. Vijana wetu wanacheza hapo kila jioni na wanadhani uwanja ulizaliwa mfupi hivyo. Khaa! Mfupi wapi? Ulifupishwa.

Mimi niliuona ukizaliwa. Palikuwa rweya, nyasi tupu, mahali pa wote. Ukitaka nyasi za kutandaza kwenye kibanja chako, shamba lako la migomba, unakwenda na mundu unakata, huulizi mtu. Wafugaji nao walileta ng'ombe wao, hakuna aliyegombana. Baba yetu, mzee Kashaija, na vijana wa enzi zake wakafyeka kipande kikubwa, wakakisawazisha kwa majembe, na wanawake wakabeba nyasi zote kwenda kutandaza migombani. Baba hakuwa mchezaji. Miguu yake ilikuwa mizito, na akikimbia hata kuku walimshangaa. Lakini alikuwa refa. Alikuwa na filimbi moja aliyoining'iniza shingoni hata akienda kuchuma kahawa, na Jumapili jioni alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa anacheka! Nyumbani hatukumzoea akicheka.

Tatizo lilikuwa vijiti vya kona. Ukichomeka leo, mchwa wanakula, unachomeka vingine. Baba alikuwa hapendi kazi ya kurudiarudia. Siku moja akaenda kwenye mpaka wa kibanja chetu, akakata matawi manne ya omuramura, akayachomeka kwenye kona zote nne. Sasa kwa asiye wa huku, omuramura ndio mti wetu wa mpaka. Ukigawana shamba na ndugu, mnauita ukoo na majirani, mnaupanda mbele ya macho yao, basi, imekwisha, hakuna wa kubisha tena. Hauliwi na mchwa, haufi na jua, ukiukata unachipua. Hakuna mtu mwenye akili zake anayeupanda ovyo. Watu walimcheka baba: "Ta Kashaija, na mpira nao una mirathi?" Yeye akapuliza filimbi, mchezo ukaanza.

Ile miti ikashika. Kwanza ilikuwa ya magoti, halafu ya kifua, halafu wapiga kona wakawa wanalalamika kwamba inawazuia mguu. Baba akawaambia wasogee kidogo.

Miaka ikaenda. Wakati wa vita magari ya jeshi yaliegeshwa pale, yakaacha mifereji ambayo tuliifukia kwa mikono. Baba akafariki, wachezaji wake wakahama, wengine tukawazika. Halafu ukaja mnyauko. Aliyeona migomba yake ikioza na mikungu juu hawezi kusahau. Tuliambiwa tung'oe, tuchome, tusipande tena kwenye udongo ule kwa muda. Gaudiosus akang'oa huku analia, akachukua miche safi, akaipanda kwenye udongo ambao haukuwa na ugonjwa. Uwanjani. Mstari mmoja, halafu mwingine. Nani angemkataza? Watu walikuwa wanakula muhogo asubuhi na jioni. Vijana wakang'oa goli la upande ule wakalisogeza mbele. Migomba ikaongezeka, goli likasogezwa tena.

Ni wakati huohuo niliporudi kutoka Kituntu, ndoa imenishinda. Mtoto wa kike anayerudi kwao hana shamba, mnajua wenyewe, anakaa kwa hisani ya kaka. Gaudiosus hakunifukuza, namshukuru. Akanionyesha mwisho wa migomba mipya, akasema jenga hapa. Nikajenga vyumba viwili na jiko la miti na udongo, nikamleta mama tukaishi naye. Nyuma ya jiko palikuwa na omuramura mkubwa. Nilikuwa naanika pale matambaa ya vyombo.

Basi tukaishi. Kisha lami ikapita, na kila mtu akawa na macho ya kupima. Wakaja watu na magari kuuliza viwanja vya kujenga maduka. Gaudiosus, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa migomba na kahawa, akaanza kuvaa viatu siku za kazi. Halafu akakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Nestory, akasema: pale panapoitwa uwanja ni sehemu ya kibanja cha baba. Ushahidi? Omuramura. Miwili iko kando ya barabara, mmoja ndani ya migomba yangu, mmoja nyuma ya jiko la dada. Kona nne. Baba ndiye aliyeipanda, hata wapinzani wangu wanakubali. Na kati yetu sisi Wanyambo, nani anapanda omuramura kwenye ardhi isiyo yake?

Wazee waliojua walikuwa chini ya ardhi. Waliobaki walikumbuka tu kwamba uwanja ulikuwa mkubwa, basi.

Mwebesa akanifuata. Huyu ni kijana wa wafugaji, ndiye kocha wa timu, wavulana na wasichana wote ni wake. Anakuja kwa baiskeli kutoka kule kwao kwenye majani, jasho linamtiririka, na filimbi shingoni. Akanisalimia, "Shikamoo, Ma Kemilembe," akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Wewe ulikuwepo," akasema. "Useme tu ulichokiona."

"Nenda kanyweshe ng'ombe," nikamwambia.

Hakukasirika. Alicheka kidogo, akasukuma baiskeli yake akaenda. Mimi ndiye niliyekasirika. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa na haki, na ile filimbi shingoni mwake ilinikera zaidi.

Jumamosi mchana akaja Gaudiosus mwenyewe, na mkungu wa ndizi begani. Aliutua taratibu mlangoni. Alikuwa na sauti tamu kuliko siku zote, nikajua kuna jambo.

"Dada, nasikia wanakufuata."

"Wananifuata."

"Mimi sikukatazi kusema. Lakini fikiri. Ukisema ile miti ni vijiti vya kona, basi uwanja unaishia kwenye miti. Sivyo?"

"Sawa."

"Na huu hapa uko wapi?" Akanyoosha kidole nyuma ya jiko. "Uko nyuma ya nyumba yako. Nyumba yako, jiko lako, kitanda cha mama, vyote viko ndani ya uwanja. Ukinivunjia mimi, unajivunjia. Na ukishavunjiwa usije kwangu."

Akanywa maji, akamwamkia mama, akaondoka. Nilibaki nimesimama palepale. Haki ya Mungu sikuwahi kulifikiria hilo. Nilikuwa nahangaika kwa kuogopa kumuudhi kaka, kumbe mambo yalikuwa makubwa kuliko hivyo: nikifumbua kinywa, mwanamke wa umri wangu na mama asiyeweza kutembea peke yake tunakuwa hatuna pa kulala.

Nikaingia kwa mama. Alikuwa macho.

"Umesikia?"

"Masikio yangu hayaumwi," akasema. "Yanayouma ni magoti."

"Nifanye nini, mama?"

Akafumba macho, nikadhani amesinzia. Halafu akaanza wimbo wake wa kila siku, manung'uniko yaleyale niliyoyasikia tangu utotoni. "Baba yako alikuwa mwizi. Aliniibia jiwe langu la kusagia ulezi. Lilikuwa limepasuka upande mmoja tu, bado lilisaga. Akalibeba, akaenda kulizika kwenye huo mpira wake."

"Mama, tuache jiwe leo."

"Nililetewa na mama yangu kutoka Nyaishozi. Akalizika katikati kabisa, eti wachezaji wasigombane mpira uanzie wapi. Mimi nikasaga kwa jirani mwaka mzima."

Nikatoka nje kumalizia hasira yangu kwenye kuni.

Jumapili ikafika. Watu walijaa, wengine bado na nguo za kanisani. Tulimbeba mama kwa kiti mimi na Mwebesa, kwa sababu alikataa kubaki. Tukamweka kivulini upande wa migomba. Mimi nilijiambia hivi: Kemilembe, leo unafunga mdomo. Nyumba unayo, mama unaye, yaliyobaki waachie wenye nguvu.

Mzee Nestory akafungua kikao. Gaudiosus akasimama, akaeleza vizuri, sitasema uongo. Akaonyesha miti, akataja jina la baba, na watu wakawa wanaitikia kwa vichwa. Mwebesa akauliza je, kama mzee aliipanda kwa ajili ya mpira? Hapo ndipo kaka yangu alipoharibu. Kama angesema sijui, leo uwanja ungekuwa maduka. Lakini alicheka, akasema hivi mbele ya watu wote:

"Mpira? Baba yangu? Kashaija alikuwa mtu wa shamba. Hakuwa na muda wa michezo ya watu wasio na kazi. Hata sijui kama aliwahi kutazama mechi hata moja."

Jamani! Nilisikia damu inapanda mpaka masikioni. Unaweza kuniambia sina nyumba, nikanyamaza. Unaweza kuniambia sina haki, nimezoea. Lakini kumfuta baba! Baba na filimbi yake, baba aliyekuwa anacheka siku moja tu kwa wiki, na siku yenyewe alikuwa anachekea hapa! Sikumbuki nilisimamaje. Nilijikuta niko katikati ya watu, kitenge kimenidondoka.

"Gaudiosus, mwongo we! Baba alikuwa refa! Kila Jumapili! Wewe mwenyewe ulikuwa unambebea maji!"

"Kemilembe, kaa chini."

"Sikai! Ile miti ni ya kona. Aliikata akachomeka kwa sababu ya mchwa, nilikuwepo nimeshika panga lake. Watu walimcheka!"

Minong'ono ikaanza. Mzee Nestory akanyoosha mkono. Aliniangalia kwa huruma, nikajua anachotaka kusema.

"Ma Kemilembe, tumekusikia. Lakini ni neno lako na neno la kaka yako, na yeye ndiye mrithi. Una kitu cha kutuonyesha?"

Sikuwa nacho. Nilisimama nikihema, naangalia huku na huku. Nikamwona mama kwenye kiti chake. Midomo yake ilikuwa inacheza, bila shaka alikuwa analalamikia jiwe lake. Jiwe! Mungu wangu, jiwe!

"Ninacho," nikasema. "Leteni kamba."

"Kamba gani?"

"Kamba yoyote! Ya ng'ombe, ya kufungia magunia, kamba tu! Ile miti kama ni kona za uwanja, vuteni kamba kwa mshazari kutoka kona hii hadi kona ile, na nyingine hivyohivyo. Zitakapokutana ndipo ilipokuwa katikati. Chimbeni hapo. Mtakuta jiwe la kusagia la mama yangu, limepasuka upande mmoja. Msipolikuta, mpeni Gaudiosus uwanja, na mimi mnicheke."

Watu wakalipuka. Vijana walikuwa wameshakimbia kabla sijamaliza. Wafugaji wakafungua kamba za ng'ombe, madereva wa bodaboda wakatoa za mizigo, wakaziunga fundo kwa fundo. Ya kwanza ikavutwa kutoka mti mmoja wa barabarani hadi ule ulio ndani ya migomba ya Gaudiosus. Wakakata majani ya migomba ili inyooke, naye akasimama anaangalia.

Ya pili ilitakiwa iishie kwenye mti wa nyuma ya jiko langu. Mwebesa alifika nayo mbele ya jiko akasita. Haikuwa na pa kupita. Akanitazama.

"Ma Kemilembe, nyumba iko njiani."

"Naiona," nikasema.

Nikachukua ncha ya kamba mkononi mwake. Nikaingia nayo jikoni, nikaipitisha juu ya mafiga ambayo bado yalikuwa na moto wa asubuhi, nikasukuma udongo wa ukuta wa nyuma ambao ulikuwa umeanza kubomoka, nikaitoa upande wa pili. Nikaifunga kwenye omuramura mimi mwenyewe, juu ya matambaa yangu ya vyombo. Nilipotoka nje niliona kijiji kizima kinaiangalia ile kamba inavyokata katikati ya jiko langu. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuelezwa.

Kamba zilikutana ndani ya boksi la golikipa, upande ule wa migomba. Golikipa wa timu, msichana mmoja anaitwa Katusiime, akapiga kelele: "Hapo ndipo mpira unapodundaga vibaya! Si nimewaambia? Mlisema ni uzembe wangu!" Watu wakacheka, lakini cheko fupi. Wakachimba. Jembe la kwanza udongo. La pili udongo. Nilikuwa siwezi kutazama wala kutotazama, nikawa nazunguka kwenye kiwanja na mikono kichwani. Halafu jembe likalia.

Jiwe lilitoka jeusi, lina bonde katikati, limepasuka upande mmoja. Wakampelekea mama wakamwekea miguuni. Mama akainama, akapitisha kidole kwenye ule ufa. Uso wake ulibadilika, nikadhani atalia.

"Nilisema mimi," akasema. "Nilisema alikuwa mwizi."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika barabarani, basi moja likapunguza mwendo. Vijana wakauliza kama jiwe libebwe nyumbani. Mama akakataa. "Lirudisheni lilipokuwa. Nilikuwa nataka tu mjue ni langu."

Mzee Nestory akatamka: uwanja ni wa kijiji, kutoka mti hadi mti. Migomba iliyo ndani itang'olewa ikishatoa mikungu iliyopo. Akakohoa. "Ama nyumba ya Ma Kemilembe, nadhani tunaweza kuiacha. Kona moja ikipungua si neno." Watu wakaitikia, hasa akina mama. Mwebesa ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Gaudiosus akasogea mbele ya watu. Sasa akasema, na hakupandisha sauti. "Mkiing'oa migomba yangu mkaacha nyumba yake, mtakuwa mmefanya nini? Mtakuwa mmenionea tu." 

Na hapo, nisikilizeni, hapo kaka yangu alikuwa amesema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Ningenyamaza, wangeniachia. Nilitazama paa langu, bati lenyewe lina kutu, na harufu ya moshi wangu ilikuwa bado inatoka kwenye ule ukuta uliotobolewa. Nililipenda lile jiko. Sijawahi kuwa na mahali pengine pa kuingia bila kubisha hodi.

"Vunjeni," nikasema. "Mti ni kona. Vunjeni na yangu."

Walivunja baada ya mavuno ya maharage. Timu nzima ilikuja, wavulana kwa wasichana, wakatoa bati moja moja kwa adabu kama wanamvua mgonjwa nguo. Siku hiyo mama alibebwa kwenda kwa Gaudiosus, na mlangoni akashika mwimo kwa mikono miwili. Akamwambia mwanawe kwamba bila mimi haingii, na kama anataka mama yake alale uani, majirani wapo wataona. Gaudiosus akapisha mlango. Tunalala chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya kahawa. Kaka hanisemeshi. Akitaka jambo anamwambia mama na mimi nimekaa hapohapo, mama anarudia yaleyale kwangu huku akinikonyeza.

Jumapili iliyopita ilikuwa mechi ya kwanza kwenye uwanja mzima, wasichana wetu na wa Omurushaka. Uwanja ule ni mkubwa, jamani! Nilikuwa nimesahau. Wasichana walikuwa wanahema kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili, bado hakuna bao, tukapata kona. Kona ya kule kwangu.

Mpigaji alikimbia na mpira mkononi. Omuramura uko palepale, umezuia mguu, kwa hiyo akasogea kidogo, akatafuta pa kuuweka. Majani yalikuwa hayajaota bado pale, palikuwa na duara la udongo mweusi, mgumu, uliochomwa miaka yote na moto wangu. Akauweka hapo, katikati ya mafiga ambayo hayapo. Akaniona nimesimama, akajua. Akatoa mkono kwenye mpira akasimama tu, anasubiri, uwanja wote unasubiri, na Mwebesa, refa wa siku hiyo, filimbi iko mdomoni hapulizi.

Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa na hasira nayo.

"Piga!" nikamfokea. "Unangoja nini? Piga!"